Mji Ambao Kila Mvulana Ana Miaka Kumi na Minne

Upumbavu wangu wa kwanza kazini niliufanya kabla sijauliza hata swali moja. Niligonga mlango wa watu kwa ngumi, nikakaza koo, nikatoa sauti ya askari wa doria: "Fungua! Wanaume wote nje!" Nilitaka mwenzangu Kizito acheke. Kizito hakucheka. Na aliyekuwa ndani hakufungua. Alitorokea dirisha la nyuma.

Nalisema hili mapema ili ninyi wadogo zangu wa kidato cha pili, mtakaochukuliwa na ofisi ya takwimu likizo ijayo kama tulivyochukuliwa sisi, msije mkasema mzee wenu aliwaficha. Ndiyo, mzee. Nimestaafu. Nina miaka kumi na saba, nimelitumikia taifa likizo nzima, na magoti yananiuma kwa kupanda kilima cha Lubaga na kukishuka. Wastaafu wengine huandika juu ya vyeo na mishahara. Mimi cheo sikupandishwa, na mshahara bado uko njiani. Nadhani unakuja kwa miguu. Basi tuzungumze kazi. Na ukimaliza kusoma daftari hili mpe mwenzako mkononi, usiliache juu ya dawati. Mnajua tunaishi zama gani.

Tulichukuliwa kwa sababu makarani wa ofisi ile walikuwa wamepungua. Wengine walivuka mpaka. Wengine walitoka kwenda kula mchana na mpaka leo makoti yao yanawangoja juu ya viti. Wakubwa wakaja shuleni kutafuta wavulana wenye mwandiko mzuri na lugha mbili. Kizito alipita kwa mwandiko. Huyu ni mtoto wa Lubaga, mwimbaji wa kwaya, hajui uongo hata ule wa kujiokoa na viboko. Mimi nilipita kwa Kiswahili. Mama yangu ni Mnubi, baba yangu ni polisi kutoka kaskazini, na Kiswahili ndiyo lugha pekee waliyoweza kugombana ndani yake wakaelewana. Watu wa Kampala wengi wanakijua, ila hawakipendi sana. Wanasema kila kikija mlangoni kinakuja kimeshika bunduki.

Msimamizi wetu alikuwa Mzee Erifazi, karani mkongwe anayevaa tai hata siku ya mafuriko, na anayechonga penseli kwa wembe mpaka inabaki kama jino. Siku ya kwanza alitupanga kwenye benchi akauliza, "Nani anajua umri wa kufanya kazi ni upi?"

Nikainua mkono. "Ni ule ambao mtu hataki kufanya kazi, Mzee."

Benchi zima likacheka. Yeye alisubiri tumalize, kama mtu anayesubiri ng'ombe wavuke barabara.

"Ni kuanzia kumi na mitano mpaka sitini na minne," akasema. "Walio chini ya hapo na walio juu ya hapo ni midomo. Walio katikati ni mikono. Mikono ndiyo inayolisha midomo. Mkitaka kujua nchi inakwenda wapi msitazame magari ya wakubwa, hesabuni mikono mwaka huu, mwakani mkaihesabu tena. Ikiwa inapungua, basi hata redio itangaze ushindi kila asubuhi..." Akaenda kufunga mlango, ingawa jua lilikuwa kali na chumba hakina feni. "Chukueni penseli," akasema.

Tulipewa penseli, ubao wa kubania karatasi, na chaki. Penseli mtaielewa. Ubao mtauchukia, maana ukiubeba kwapani kila mtu anakuona mpelelezi, hata ukiwa na kaptula ya shule. Chaki ilikuwa ya kuandika namba juu ya mlango wa kila nyumba iliyohesabiwa, ili isihesabiwe mara mbili. Vitabuni ni njia nzuri sana. Aliyeiandika vitabuni hakuwahi kuishi katika mji ambao watu wakiamka wakakuta alama nyeupe mlangoni hawanywi chai siku hiyo.

Sasa turudi kwenye mlango ule. Ulikuwa mtaa wa Kansanga, nyuma ya baa moja, nyumba ya vyumba viwili yenye migomba kwa nyuma. Ilikuwa nyumba yetu ya kwanza kabisa. Mzee Erifazi alikuwa ametuagiza: pigeni hodi, salimieni, kaeni mkikaribishwa, semeni Kiluganda kwa upole. Kizito akawa anakohoa kujitayarisha kama anataka kuimba solo. Nikamwona amekakamaa kwa woga, nikasema ngoja nimchekeshe. Ndipo nikatoa sauti ile.

Bati likalia nyuma, kitu kizito kikaanguka, na migomba ikasikika ikipasuliwa na mtu anayekimbia. Kisha mlango ukafunguliwa taratibu. Mwanamke akajitokeza na mtoto mgongoni na mwingine mkononi, wote sura moja, akapiga magoti mbele yangu. Wanawake wa Kiganda hupiga magoti wakiamkia, hilo najua. Lakini haya hayakuwa maamkizi.

"Kalibu, afande," akasema bila kuinua macho. "Bwana hayuko. Hapa mimi na watoto tu."

Afande! Nilikuwa na kidonda cha mpira gotini na wino kwenye kola. "Sisi ni watu wa takwimu, nnyabo," nikasema, nikimwita mama kwa Kiluganda, kwa sauti yangu ya kawaida, ile inayopasuka katikati.

"Ndiyo, afande."

Mezani kulikuwa na sahani mbili za matoke, zote zinatoa moshi. Sikuuliza ya pili ni ya nani. Kizito alijaza karatasi, mkono mmoja, midomo miwili. Nami, mtumishi mwema wa serikali, nikaandika namba kwa chaki juu ya mlango. Niliiandika kubwa na nzuri.

Tulipofika barabarani Kizito akasema, "Ile sauti umeitoa wapi?"

"Nimezaliwa nayo," nikamjibu, na tukaenda nyumba ya pili.

Wadogo zangu, kuna mambo hamtafundishwa kwenye benchi. La kwanza, usimwulize mtu wa Kampala kama ana kazi. Kazi kwake ni ya ofisi, yenye bosi na muhuri. Mama mmoja alituambia hana kazi, huku anakaanga samaki, anauza, anarudisha chenji na kumfukuza paka, vyote kwa mkono mmoja, maana wa pili umeshika mtoto. Mwenye kushona anasema hana kazi, anashona tu. Na anayefanya magendo ya sukari ndiye hana kazi kuliko wote. Huyo anapumzika tu juu ya magunia. Uliza hivi: jana tangu ulipoamka ulifanya nini? Hapo utapata mikono.

La pili ni umri. Tulipita nyumba moja baada ya nyingine, na kila mvulana tuliyemkuta alikuwa na miaka kumi na minne. Mama anamtoa kijana mwenye kidevu kama brashi ya viatu, sauti inatoka chini ya kisima, anasema, "Huyu? Kumi na minne." Nilikutana na kumi na minne mmoja aliyekuwa na mke. Siku za kwanza nilikuwa nacheka na kuwatania. "Nnyabo, huyu amezaliwa na ndevu?" Wao hawakucheka. Wakanitazama kama ninavyotazamwa na mwalimu wa nidhamu, kwa huruma iliyochoka.

Siku ya kukusanya karatasi Mzee Erifazi alizipitia zetu akavua miwani.

"Kansanga nzima haina mwanaume," akasema. "Ina wazee, na ina watoto wa miaka kumi na minne."

"Wanadanganya, Mzee," nikasema. "Turuhusu tuandike kwa kukadiria. Mimi nitatazama koromeo."

"Kwa nini wanadanganya?"

Nikajua jibu, sikulisema. Kizito, ambaye hajui kunyamaza pia, akalisema: "Wa kumi na mitano anachukuliwa na askari, Mzee."

Mzee akapangusa miwani kwa ncha ya tai. "Mkono uliofichwa chini ya kitanda haulimi wala haushoni," akasema. "Kwenye hesabu yangu si mkono. Andikeni wanavyosema. Wakubwa wataona nchi imeishiwa wanaume, na kwa bahati mbaya hilo si uongo." Kisha akatazama mlango tena, na kunikemea kwa sababu karatasi yangu moja ilikuwa na doa la mafuta ya sambusa.

Ila katika karatasi zile kulikuwa na moja isiyokamilika, ile ya nyumba ya kwanza. Tulisahau kuuliza umri wa mama mwenyewe. Mzee akatutuma turudi.

Milango yote ya uchochoro ule ilikuwa imeoshwa. Watu wamesugua chaki kwa sabuni, na sabuni yenyewe siku hizi ni kama dhahabu. Mlango mmoja tu ulibaki na namba, kubwa na nzuri kama nilivyoiandika. Mama wa mapacha, Nalongo kama Waganda wanavyomwita kwa heshima mwanamke aliyezaa pacha, alikuwa amekaa kizingitini. Alikuwa amepungua mwili.

"Mbona hukuifuta, nnyabo?" Kizito akauliza.

"Alama ya serikali naifuta mimi nani?" akasema. Halafu akaniona mimi, akaanza kupiga magoti.

Nikamshika mkono kumzuia. Nikamwuliza bwana yuko wapi, akasema hana bwana. Kizito akamwambia kwa Kiluganda, taratibu, kwamba sisi ni wanafunzi. Ndipo akaangua kilio. Mumewe, Salongo, yaani baba wa mapacha, ni fundi wa redio. Na zama hizi fundi wa redio ni mtu anayejua redio za wenzake zinasikiliza stesheni za nchi gani. Fundi mwenzake wa jirani alikuwa amechukuliwa mwezi uliopita. Tangu siku wale askari walipogonga, Salongo hajarudi, na Nalongo hajui kama alikimbia akapona au waliokuwa wamezunguka nyuma walimpata. Hawezi kwenda kuuliza. Ataulizia wapi? Kwa wale wale?

"Hawakuwa askari," nikasema. "Nilikuwa mimi."

"Ile sauti ilikuwa ya mtu mzima."

"Ni mimi, nnyabo. Nilikuwa nafanya mzaha."

Alikitazama kidonda changu cha goti, akamtazama Kizito. Kizito akatoa rozari mfukoni, akaishika. "Ni yeye, nnyabo. Hata kwaya ya shule alifukuzwa kwa sauti hiyo."

Nilidhani atanipiga kofi. Ningeshukuru. Badala yake alibadilisha mtoto bega, akasema kwa sauti ndogo kwamba Salongo ana dada anayeuza ndizi soko la Owino, na kwamba akiwa hai huko ndiko atakuwa, lakini yeye mwenyewe anaogopa kwenda asije akafuatwa.

Kwenda Owino peke yangu na ubao kwapani kuulizia mwanaume aliyejificha ni kumfukuza mpaka Mombasa. Mama yangu anauza mikeka na vikapu soko hilo hilo. Ikabidi nimwambie.

Alikuwa anasuka. Nikamweleza yote nikitia utani hapa na pale, kama mtu anayetia sukari kwenye dawa. Akauliza, "Sauti gani?" Nikamfanyia, polepole. Sindano yake ikasimama katikati ya ukindu.

"Uliisikia mara moja tu," akasema. "Mara moja, Rama, na umeihifadhi kuliko sura zote za madrasa."

Mara hiyo moja ni asubuhi askari walipokuja kumwita baba kambini. Walisema anahitajika kazini. Akafunga mkanda wake, akatoka nao, hajarudi. Sisi tukahama kambi ya polisi, tukapanga chumba Lubaga. Nimeliandika hili haraka kwa sababu sijajua bado namna ya kulichekesha.

Asubuhi tukaenda. Mama alimpata dada wa Salongo bila kuuliza mtu. Soko la wanawake lina takwimu zake. Akakaa mbele ya meza yake, akanunua ndizi ambazo hatukuzihitaji, akazipapasa moja moja. Kisha akasema, "Nnyabo, kijana wangu huyu ndiye aliyemgongea mlango kaka yako."

"Mimi sina kaka," dada akasema.

"Vizuri. Basi mwambie huyo kaka usiye naye kwamba mlango uligongwa na mtoto."

Dada akanipima kuanzia viatu. "Huyu? Huyu hata kuku hamkimbii."

"Rama," mama akasema, "toa ile sauti."

"Hapa, Mama? Soko zima litakimbia! Watatukanyaga!"

"Kwa kunong'ona, mjinga wewe."

Nikainama juu ya ndizi kama ninayechagua. Nikanong'ona, "Fungua. Wanaume wote nje."

Lundo la majani ya migomba nyuma ya meza likaruka.

Dada akafumba macho. Mama akashika mdomo. Majani yakatulia, yakafikiri, kisha kichwa cha mtu kikachomoza katikati yake, kimejaa makapi, macho mekundu.

"Rudia," kichwa kikasema.

"Ssebo?" nikasema, yaani bwana.

"Rudia, nikikutazama."

Nikarudia. Mbele ya macho yale sauti ilitoka nyembamba, kama ya mbuzi aliyesahauliwa kambani. Salongo akanitazama mpaka nikataka kuingia mimi kwenye majani.

"Nimelala na panya," akasema, "kwa ajili ya hiki?"

Dada yake ndiye aliyeanza kucheka, akiziba mdomo kwa leso. Kisha mama. Kisha Salongo mwenyewe akacheka kidogo, na kicheko kikageuka kikawa kitu kingine, akajifuta uso kwa jani.

"Nilirudi jioni ya pili," akamwambia mama. "Nilifika kwenye migomba yangu. Nikaona namba mlangoni, nyeupe. Milango ya wenzangu yote safi, wangu tu. Nikasema basi, mimi nimeshahesabiwa."

Mama hakunitazama. "Huyu huyu ataifuta," akasema.

Tuliporudi Kansanga niliifuta kwa shati langu la shule, kwa mate na maji, uchochoro mzima ukitazama. Salongo alisimama kwenye migomba mpaka mlango ukawa mlango tena. Halafu hakupita dirishani. Alizunguka mbele, akapiga hodi nyumbani kwake. Nalongo akafungua. Hakumkumbatia, hakulia. Alisema, "Chakula kimepoa," akamtoa kapi moja lililobaki kichwani, akalishika mkononi muda mrefu bila kulitupa.

Nilipotaka kuondoka Salongo akaniita. "Kijana, maliza kazi yako. Niandike."

"Umri, ssebo?"

Nywele zake nyeusi tii. Mapacha wake wananyonya. "Sitini na mitano," akasema.

Nikaandika sitini na mitano. Mzee Erifazi alipoisoma alisema, "Kansanga wanakunywa maji gani?" akaiweka pamoja na nyingine. Tangu siku hiyo chaki zote alizifungia kabatini, tukawa tunakumbuka milango kwa vichwa vyetu.

Siku yangu ya mwisho kazini ilikuwa zamu ya Lubaga, mtaani kwetu. Kanuni inasema mtu hajihesabu mwenyewe, kwa hiyo Kizito na Mzee Erifazi walikuja chumbani kwetu nami nikakaa kitandani kama raia. Kizito aligonga kwa kifundo cha kidole, akasema hodi kwa sauti yake ya kwaya. Nikamwona mama. Aligeuka kwanza akatazama dirisha la nyuma, halafu akasema, "Karibuni."

Wakakaa. Wakapewa chai isiyo na sukari, wakaisifu.

"Baba wa nyumba, Mama?" Kizito akauliza, ingawa anajua.

"Yuko kazini," mama akasema.

Kizito akasimamisha penseli. Mzee Erifazi akainama kidogo karibu naye. "Andika," akasema. "Mkono mmoja. Yuko kazini." Na hakutazama mlango safari hii; alitazama kikombe.

"Na huyu?" Kizito akauliza, akininyooshea kidole mimi, ambaye tunakaa dawati moja, ambaye wiki ile ile nilikuwa nimenyoa masharubu yangu ya kwanza na kumwonyesha wembe.

"Kumi na minne," mama akasema.

Kizito, asiyejua uongo, aliandika kwa mwandiko wake mzuri, kumi na minne, na hakuinua uso mpaka walipoaga.

Mlango ulipofungwa nikaruka kutoka kitandani. "Mama! Kumi na minne? Mimi mtumishi wa serikali? Mimi mstaafu? Hata kumi na mitano hunipi?"

Mama akaokota sindano yake, akatafuta mahali alipoishia kwenye mkeka, akasema, "Utatimiza kumi na mitano siku nitakayosikia hodi nikasema karibu bila kutazama dirisha la nyuma."